Ukuta Unaobonyea

Siku hiyo Avril Stathers alikuwa ameapa kwamba chai ya mtu hainywi. Alimwambia mumewe Neville tangu asubuhi, wakiwa bado nyumbani kwao Hessle, huku anavaa suruali kuukuu ya kutambalia na kutia tochi mfukoni.

"Hata tone," alisema. "Tukifika kwa mtu akatukaribisha chai, unasema hapana, asante. Kwanza tunaangalia. Chai baadaye."

"Watatuona hatuna adabu."

"Na watuone."

Neville alimtazama mkewe kama mtu aliyetangaziwa vita. Kwao Yorkshire, ukikataa chai watu huulizana pembeni kama umefiwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na katika miaka yote hiyo hakukumbuka hata mara moja kukataa kikombe, hata kwa watu asiowapenda. Lakini alijua pia kwamba mkewe akivaa ile suruali hakuna wa kumrudisha nyuma, kwa hiyo alichukua funguo za gari.

Avril alikuwa na sababu zake. Mwaka uliopita walinunua karavani kwa mama mmoja wa Hornsea. Ilikuwa nyumba ndogo nzuri ya magurudumu mawili, ya kufungwa nyuma ya gari na kukokotwa mpaka popote penye nyasi na bahari. Mama yule aliwapa chai vikombe viwili viwili na keki ya karoti, akawaonyesha picha za wajukuu, akawasimulia goti lake lilivyopasuliwa mwanzo hadi mwisho. Walipoinuka pale walikuwa wameshanunua. Mwezi wa nane wakaenda nayo Filey, wakaletewa huko mjukuu wao Erin, mtoto wa miaka minane mwenye pumu. Mvua ikanyesha siku tano mfululizo. Siku ya sita Neville aliinua godoro la mtoto akakuta ubao umekuwa laini kama biskuti iliyochovywa, kuvu jeusi limetanda, na kwenye kona umeota uyoga. Usiku wa kuamkia siku hiyo Erin alikuwa amekohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Alilazwa hospitali siku nne.

Hayo yote ukoo mzima uliyajua. Lisilojulikana na mtu ni jambo dogo lililotokea kule Hornsea. Avril alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha karavani, kazi yake kuziba viungo ili maji yasipenye, na kidole gumba chake kilijua ukuta mbovu kama mpishi anavyojua wali ulioiva. Siku ile, kikombe kikiwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kiligusa ukuta chini ya dirisha, na ukuta ukabonyea. Alijua palepale. Lakini mama wa watu ndiyo kwanza alikuwa anakata keki, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Avril akatabasamu, akasema, "Nzuri sana." Maneno hayo mawili yalimkaa kooni mwaka mzima.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano. Binti yao Joanne, mama yake Erin, alikuwa ametoa hukumu yake kwa simu, kwa sauti ya karani: wakipata karavani kavu, kavu kabisa, Erin atakuja kukaa nao likizo yote ya kiangazi. Wakikosa, mtoto anabaki nyumbani, na asisikie tena habari za Filey. Kwa hiyo Avril alikuwa na karavani mbili za kuangalia siku hiyo, moja Withernsea na nyingine Driffield, na kidole kimoja.

Ya Withernsea ilikuwa ya mwanamke aitwaye Gaynor, aliyewapokea mlangoni na gauni la kuogea saa nne asubuhi, sigara mkononi, mbwa mkubwa akimchungulia katikati ya miguu. Chai hakutaja. Alinyoosha kidole kuelekea pembeni ya nyumba.

"Ndiyo hiyo. Ingieni. Msinikanyagie maua."

Maua yenyewe yalikuwa matatu. Karavani ilikuwa mbaya, tusifichane. Kitasa cha mlango kilifungwa kwa kamba. Zulia lilikuwa na tundu la moto. Viti vilivikwa kitambaa cha michirizi ya kahawia na rangi ya chungwa, rangi za kumtia mtu kichefuchefu kabla hajapanda gari, na harufu ya mbwa ilikuwa nzito, ungeweza kuipasua kwa kisu. Neville alikaa ukingoni mwa kitanda, magoti yamebanana, akipumua kwa mdomo.

Avril akapiga magoti. Alianza kona ya nyuma akaja mbele, akibonyeza juu, akibonyeza chini, akifungua kila kabati na kuingiza kichwa na tochi. Alinyanyua magodoro. Alilala chali chini ya dirisha kubwa akapapasa viungo vyote. Gaynor alisimama mlangoni akimtazama kwa hamu, kama anaangalia mpira.

"Mpenzi, unatafuta dhahabu?"

"Natafuta maji."

"Humo hutayapata. Yule mume wangu wa zamani alikuwa mjinga wa kila kitu duniani isipokuwa kuziba matundu. Kila mwaka, baridi ikiisha tu, yuko juu ya paa anapaka gundi. Mimi nilikuwa sipakwi hata mafuta ya mgongo."

"Yuko wapi sasa?"

"Amehamia kwa mwanamke mwenye karavani kubwa zaidi."

Avril alicheka akiwa bado chini ya meza. Dakika ishirini alibonyeza, na kila mahali kidole kiligonga ukuta mgumu, mkavu, wenye sauti ya ngoma. Alitoka magoti yamechafuka, moyo umekuwa mwepesi kidogo.

"Kuna jamaa anakuja kuiona saa kumi na moja jioni," Gaynor alisema. "Akiitaka nampa. Mimi si wa kumwekea mtu, samahani."

"Si neno," Avril akasema. "Umesema wazi. Ndivyo ninavyotaka."

Walisimamisha gari kando ya barabara, katikati ya mashamba ya ngano, wakala mikate yao ya mayai na kunywa chai ya chupa waliyotoka nayo nyumbani, ambayo haikuwa imekatazwa.

"Ile hapana," Neville alisema.

"Ni kavu."

"Hata kaburi linaweza kuwa kavu, Avril. Inanuka mbwa."

"Harufu inafuliwa."

"Na ile michirizi? Mtu akiamka usiku aende chooni akaona ile michirizi?"

"Erin hatakuja kuangalia michirizi. Atakuja kupumua."

Neville alikunja karatasi ya mkate mara nne, polepole. "Hebu tuone hiyo ya Driffield," alisema. "Kwenye picha ilikuwa kama mpya."

Na kweli ilikuwa kama mpya. Bwana Wilf Harker, mzee mfupi aliyevaa tai kwa ajili yao, aliwangojea nje ya geti. Karavani yake ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa mpaka Neville akajiona uso ubavuni mwake. Mapazia yalikuwa ya maua ya buluu, yameshonwa kwa mkono. Ndani hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya sabuni ya mrujuani. Juu ya meza, chini ya dirisha la mbele, sinia lilikuwa tayari: buli limevikwa kifuniko cha sufi, vikombe vitatu, keki ya limau iliyokatwa vipande sawasawa.

"Karibuni, karibuni. Kaeni kwanza mpate chai."

Mkono wa Neville ulishaanza safari.

"Hapana, asante, Bwana Harker," Avril alisema. "Kwanza tuangalie."

Bwana Harker alitazama buli lake, akatazama wageni, akarekebisha kile kifuniko cha sufi kana kwamba buli ndilo lililotukanwa. Masikio ya Neville yaliwaka. Avril naye aliona aibu, msidhani hakuona. Uso ulimchoma. Lakini alitoa tochi.

Mzee akajikaza, akaanza kusimulia. Mkewe Muriel alikuwa amefariki wakati wa baridi. Mapazia alishona yeye. Walikwenda Scotland mara sita, na kila asubuhi Muriel alikaa pale kwenye pembe ya mbele, mgongo kwenye mto, akisoma na kutazama maji. Neville, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa huruma, alivua viatu akajilaza kitandani, mikono kifuani.

"Avril," aliita kwa sauti laini, "njoo ujaribu godoro hili. Mgongo wangu unaimba."

Alikuwa ameshapenda. Ukimwona mwanamume wa Hessle amelala chali katika karavani ya mtu, macho amefumba, soksi moja juu ya nyingine, jua kwamba mambo yamekwisha.

Avril alibonyeza nyuma: kugumu. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, chooni, ndani ya kabati la nguo: kugumu kote. Kadiri alivyosogea mbele ndivyo naye alivyoanza kuipenda. Alimwona Erin akilala pale chini ya maua ya buluu. Alijikuta akiomba kimoyomoyo, na Avril si mtu wa kuomba. Ikabaki pembe moja tu, pembe ya Muriel. Aliuondoa mto taratibu, kwa heshima, akaweka kidole gumba ukutani.

Kidole kikaingia.

Hakikuingia sana. Kiliingia kiasi cha unene wa sarafu, na kilipotoka kiliacha shimo. Wahenga walishasema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Avril alibaki amepiga magoti, mgongo kwa wanaume wale wawili, na maneno "nzuri sana" yakampanda yenyewe mpaka kwenye ulimi, yamenyooka, yamevaa vizuri, tayari kutoka. Akayameza.

"Bwana Harker," alisema, "ukuta huu umeoza."

"Avril!" Neville aliinuka akagonga kichwa kwenye rafu.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Hapo ndipo alipokuwa anakaa Muriel."

"Njoo ubonyeze mwenyewe."

Alikuja. Alisita, kisha akaweka kidole chake kwenye lile shimo, akabonyeza pembeni yake, na ukuta ukampokea. Akajaribu tena chini kidogo. Tena ukampokea.

"Maji yameingia lini?"

"Miaka miwili, pengine mitatu. Yanapita kwenye ile reli ya ukingo wa paa, gundi ikichoka. Yanashuka nyuma ya ubao. Huyaoni, huyanusi mpaka siku ya mvua nyingi. Hata yeye asingejua."

Bwana Harker alikaa. Alikaa pembeni kabisa ya lile sinia, tai imemwendea upande.

"Kabla yenu wamekuja watu mara nne," alisema. "Mume na mke, mume na mke. Wote walikunywa chai. Mmoja, mwanamke, alikaa palepale ulipo akabonyeza hivyohivyo, nikadhani anasifu ubao. Wote walisema nzuri sana, tutakupigia. Wiki tatu sitoki nyumbani, nisije nikaikosa simu. Nikawa najiuliza, nina kasoro gani mimi?"

"Walijua," Avril akasema.

"Sasa kwa nini hawakuniambia?"

Neville, mtu wa amani, akajaribu kuyapoza. "Pengine hawakutaka kukuumiza, ndugu yangu. Umefiwa, na umekata keki..."

Hapo ndipo Avril aliposhindwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye maradhi yake alikuwa ameyaficha miezi kumi.

"Mimi ni mmoja wao," alisema. "Si hapa. Hornsea. Nilibonyeza ukuta ukabonyea, Neville, nikasema nzuri sana. Kwa sababu yule mama alikuwa anakata keki. Nilijua. Nilimlaza Erin humo nikijua."

Hakulia. Alisema akiwa amepiga magoti, mto wa Muriel mikononi, na alipomaliza alitazama chini kwa sababu hakuweza kutazama pengine. Neville alivaa viatu. Alivifunga kamba kimoja kimoja, akatoka nje.

Bwana Harker alimsindikiza Avril mpaka getini. Alimwuliza kama ukuta unatengenezeka, naye akamweleza: fundi avunje ile pembe yote, abadilishe mbao, azibe upya, na kabla ya hapo asimwuzie mtu mwenye mtoto. Mzee akaandika kwenye bahasha.

"Asante, dada," alisema. "Afadhali. Kesho nitatoka nikanunue maziwa."

Ndani ya gari Neville alikuwa ameshika usukani na hajawasha.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima mimi nadhani ni mimi. Mimi ndiye niliyesema tuichukue. Krismasi nzima Joanne hakunitazama usoni, nami nikasema moyoni, ana haki, nimetaka kumuua mtoto wake kwa ujinga wangu. Na wewe umekaa hapo pembeni unapitisha viazi."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nilikaa nikapitisha viazi. Sina la kujitetea."

Alikuwa nalo, kwa kweli. Mwanamke yeyote mwenye miaka arobaini na moja ya ndoa analo. Lakini aliliacha. Neville akawasha gari. Kwenye njia panda, upande mmoja ni nyumbani na upande mwingine ni Withernsea, alisimama mpaka gari la nyuma likapiga honi, kisha akakata kona kwenda Withernsea bila kuulizwa.

"Bado nina hasira," alisema baada ya maili kumi.

"Kuwa nazo. Lakini kanyaga mafuta, saa kumi imeshapita."

Gaynor sasa alikuwa amevaa nguo. Alipowaona alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua huyu mama atarudi. Amenibonyezea kuta zangu zote kama anapima embe sokoni." Neville alizunguka ile karavani mara moja, akagusa kamba ya kitasa, akashusha pumzi ndefu, akampa mkono. Yule jamaa wa saa kumi na moja alipofika, walikuwa wanaandikiana karatasi juu ya boneti.

Kabla hawajaifunga nyuma ya gari, Avril alitoa simu. Mumewe alimwambia angoje mpaka nyumbani, apumzike kwanza, ayapange maneno. Avril akakataa. Alijijua: akifika nyumbani ataweka birika jikoni, na birika likichemka ujasiri utakwisha. Alipiga akiwa amesimama palepale kando ya maua matatu ya Gaynor.

"Joanne, tumepata kavu. Nimeikagua yote. Lakini usiseme ndiyo kwanza, kuna neno sijakwambia. Ile ya mwaka jana, nilijua ni mbovu. Siku tunainunua nilijua. Baba yako hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya haya. Ukitaka kumzuia Erin kwangu, mzuie. Lakini baba yako usimhukumu."

"Mama," Joanne alisema, na sauti ya karani haikuwapo tena. "Siku ile namleta Filey, nilipofungua mlango tu nilisikia harufu. Harufu ya uozo. Nikasimama pale ngazini na begi lake mkononi. Baba amevaa aproni anakaanga soseji, wewe umemtandikia kitanda, mmefurahi ajabu. Nikaona nikisema nitawaharibia. Nikamvua koti, nikamwacha, nikaenda zangu. Mimi, mama yake." Alivuta pumzi. "Baba nilikuwa simtazami kwa sababu nilikuwa siwezi."

Avril alihamishia simu sikio la pili.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

Jibu wote wawili walikuwa nalo.

"Njoo Jumamosi," Avril alisema. "Uje peke yako kwanza. Uingie, unuse, ubonyeze. Ukiona kitu, chochote, unasema."

"Hata kama utalia?"

"Hata kama nitalia."

Neville, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu na kusikia kila neno, alinyoosha mkono. "Nipe hiyo simu," alisema. "Nizungumze na mwanangu."